Laki moja na nusu mfukoni: ninunue hedifoni oriji au nichezee hizi za Mwanjelwa?

Kijana wa Uyole
Wakuu, habari za baridi. Kila siku hapa Mbeya napanda daladala Uyole hadi Iyunga, na mwisho wa mwezi napanda basi kwenda Iringa kumwona mama. Nataka hedifoni kubwa za kufunika sikio lote, zilizofungwa nyuma, muziki wangu usimkere jirani na kelele za konda zisinifikie. Nina laki moja na nusu. Kuna jamaa anaweza kuniletea Audio-Technica ATH-M20x kutoka Kariakoo ila inakula hela yote. Rafiki yangu wa chuo anasema huo ni ushamba: chukua za elfu ishirini na tano pale sokoni Mwanjelwa, badilisha sponji, jaza pamba ndani ya vikombe, ziba vitundu kwa selotepu, utasikia kitu kile kile. Nani mkweli? Ila msiniambie nizipeleke kwa fundi simu. Wale nawajua, unapeleka kitu kina ugonjwa mmoja unarudi nacho kina mitatu.

Fundi Mafiati
Nimeacha chai inapoa nije kukujibu wewe kijana. Mnatuletea vitu mmeshavifungua kwa kisu cha nyanya, skrubu mbili hazipo, halafu fundi ndiye mbaya. Juzi kaja mtu na hedifoni, anasema mwimbaji kapotea, zinasikika vinanda tu na kamwangwi kwa mbali. Alishataka kuzitupa. Nikamwambia waya wa pamoja, ule wa ethi, umekatika kwenye pini. Ukikatika huo, kila kilicho sawa kulia na kushoto kinafutika, na mwimbaji huwa kawekwa katikati. Nikakata pini, nikachoma nyingine, dakika kumi. Huyo karudi na magonjwa mangapi?

Kiazi Mviringo
Ulimchaji shilingi ngapi fundi?

Fundi Mafiati
Hiyo haihusiani na mada.

Sikio la Tukuyu
Mleta mada, kama unapenda kuchezea, tafuta Fostex T50RP. Hiyo ndiyo mama wa hedifoni za kuchezea, imefungwa nyuma, watu huko nje wanajaza udongo wa kufinyanga, pamba, vitambaa vya sufi, inatoka sauti ya mamilioni.

Msafiri wa Kitonga
T50RP haijafungwa, ni nusu wazi, ina matundu mgongoni. Na hao wanaojaza udongo wanataka kutuliza mtetemo wa vikombe. Halafu mtu kasema laki na nusu, wewe unamtajia kitu cha kuagiza nje. Soma swali.

Sikio la Tukuyu
Sawa mwalimu. Basi achukue Sony MDR-7506, hiyo bila shaka imefungwa. Ipo sokoni tangu 1991 na hadi leo watu wa redio wanaivaa.

Kiazi Mviringo
Ile yenye waya wa kujiviringisha kama mkia wa nguruwe? Kwenye daladala ya Uyole, watu wanne kwenye siti ya watatu, huo waya utanasa kwenye kikapu cha mama wa parachichi mshuke wote Kabwe. Na ile ngozi ya sponji zake baada ya muda inabanduka, unashuka na vipele vyeusi shingoni kama umetoka kuchoma mkaa.

Kamwene wa Iringa
Nyie mnajisumbua bure. Mtu wa Mbeya na hedifoni nzuri wapi na wapi? Masikio yenu yalishakufa kwenye bajaji. Mbeya mtu akikwambia muziki mzuri anamaanisha besi imetikisa kioo. Mpe za elfu tano tu, hatajua tofauti.

Loleza
Haya sasa. Iringa mnasikiliza nini, upepo wa Gangilonga? Saa mbili usiku mji umeshafunga na kulala. Angalau sisi tuna muziki wa kuzibia masikio.

Kamwene wa Iringa
Kulala ni dhambi?

Loleza
Si dhambi, ila aliyelala asitufundishe kusikiliza.

Dada wa Kihesa
Jamani kabla hamjamaliza vita. Kaka wa Uyole, mimi nina za bei ndogo na nimezichezea mwenyewe mezani, bila fundi (samahani fundi). Siri ya hizi za kufungwa si pamba, ni jinsi sponji inavyoziba kuzunguka sikio. Hewa ikipita hata kidogo, besi inatoroka. Mimi navaa miwani na mara nyingi nimesuka. Nilidhani hedifoni zangu hazina besi kabisa, kumbe mkono wa miwani na mistari ya rasta vinaacha mwanya. Kabla hujanunua chochote vaa, washa wimbo unaoujua, kisha bonyeza vikombe kwa viganja polepole. Besi ikivimba ghafla ujue shida ni sponji na mbano, siyo kispika. Hapo ndipo uweke sponji nene laini za ngozi bandia. Za kitambaa cha manyoya ni nzuri kwa jasho ila zinavujisha. Pamba kidogo ndani inapunguza ile sauti ya kwenye ndoo, usiikandamize ikaziba kitundu cha nyuma ya kispika.

Loleza
Umesuka rasta gani dada? Weka picha tuone huo mwanya.

Dada wa Kihesa
Nenda kalale, kwenu ndiko mnakokesha.

Kamwene wa Iringa
Hahaha, kamwene dada yangu! Mmesikia, wa Mbeya?

Loleza
Nimepigwa na dada, siyo na wewe. Wewe bado hujajibu habari ya bajaji.

Kamwene wa Iringa
Bajaji gani? Wewe panda moja pale Kabwe uone kama mtaongea na dereva. Unamwambia "nishushe Soweto," anakushusha Mafiati.

Fundi Mafiati
Mafiati pana shida gani?

Msafiri wa Kitonga
Mmegusa penyewe bila kujua. Huyu kijana anatafuta hedifoni kwa sababu ya nini? Kwa sababu basi linapiga muziki kutoka Dar mpaka Tunduma kana kwamba wote tumelipia harusi. Nimepanda siti ya nyuma, spika juu ya kichwa, mtoto wa jirani analia tangu Mikumi. Hedifoni zozote za kuziba kwa sponji tu utakazovaa, muziki wa basi unaingia kwa chini. Sponji zinazuia sauti nyembamba, makelele ya konda na vichupa. Mngurumo wa injini na besi ya spika ya basi zinapita kama hazioni kitu. Kwa hiyo unapandisha sauti yako juu ya ile. Hivi kwa nini tunajadili pamba badala ya kujadili spika za mabasi?

Konda Mstaafu
Ndugu msafiri, unajua saa tisa usiku barabara ya Makambako ilivyo? Muziki ule siyo wa abiria, ni wa dereva. Akisinzia pale kwenye mlima na kona za Kitonga utamlilia nani?

Msafiri wa Kitonga
Basi dereva avae hedifoni yeye.

Konda Mstaafu
Asisikie honi ya lori nyuma? Umewahi kuendesha chochote zaidi ya baiskeli?

Msafiri wa Kitonga
Baiskeli yangu haijawahi kusimamishwa na trafiki kwa kujaza watu.

Mwana Afya
Tusitukanane. Kiwango cha kazini kinachotajwa sana ni desibeli 85 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti) kwa saa nane kwa siku. Ukivaa hedifoni kwa sauti hiyo Mbeya hadi Iringa umeshakula sehemu kubwa ya siku yako.

Sikio la Tukuyu
Hiyo ya kazini ni ya viwanda. Kwa muziki wa starehe Shirika la Afya Duniani wanasema desibeli 80, saa 40 kwa wiki, na ukiongeza desibeli 3 muda unakatika nusu. Fanya hesabu: kwenye 90 unabaki na kama saa nne kwa wiki nzima. Basi moja tu. (Leo nimeanza na kosa la Fostex, naomba hili lihesabiwe.)

Msafiri wa Kitonga
Limehesabiwa.

Konda Mstaafu
Na spika za basi ni desibeli ngapi? Umepima? Hujapima.

Kiazi Mviringo
Za basi hazipimwi, zinahisiwa kwenye meno.

Loleza
Kijana mwenye uzi yuko wapi? Katuwashia moto kaenda kulala Iringa.

Kijana wa Uyole
Nipo wakuu. Nilichukua zile za elfu ishirini na tano, nikasema nijifunze kwanza. Siku ya kwanza nilifuata ushauri wa rafiki yangu: nilijaza pamba ya dukani pakiti nzima, nikaziba kila tundu. Sauti ikawa kama mtu anaimba akiwa amefunikwa blanketi la Makambako. Nikatoa pamba yote. Halafu nikafanya kile dada wa Kihesa alisema, nikabonyeza kwa viganja, besi ikaja yenyewe! Nikatafuta sponji nene, za zamani zilikuwa nyembamba kama biskuti, nikarudisha pamba kidogo tu kama kifuniko cha soda. Sasa zinasikika vizuri, siyo uongo. Dada asante.

Ila nikajaribu na kubadilisha waya. Nimetumia risasi ya kuchomelea nyumbani, mwanzoni ilikuwa haishiki kabisa. Ilipokuja kushika, upande wa kulia unapiga lakini mwimbaji amehamia nyuma ya kisogo na besi imekauka tena.

Fundi Mafiati
Nyuzi za hedifoni zimepakwa vanishi, lazima uchome au ukwangue kwanza ndipo risasi ishike. Na huyo mwimbaji wa kisogoni: umegeuza waya wa upande mmoja. Kispika kimoja kinasukuma mwenzake anavuta, besi zinauana. Badilisha nyaya mbili za kikombe kimoja, cha kulia, usiguse cha kushoto.

Kijana wa Uyole
Nimegeuza. Sasa kulia kimya kabisa. Naona kale kawaya kembamba kameng'oka kwenye kispika chenyewe.

Fundi Mafiati
Ulikuja na ugonjwa mmoja. Sasa ni mingapi?

Kijana wa Uyole
Fundi nisamehe. Kesho saa nne nakuta umefungua?

Fundi Mafiati
Nafungua saa mbili. Njoo nazo zote, na skrubu zake.

Kiazi Mviringo
Sasa utamchaji shilingi ngapi?

Dada wa Kihesa
Kaka, na ule mzigo wa M20x wa Kariakoo bado upo? Nimebakiwa na laki na ishirini ya mchezo wa kina mama.