Mjadala: Mstaafu ahamie mji mdogo wa mkoa wa Tabora au Kigoma, au abaki karibu na hospitali ya mkoa?

Mleta mada

Ndugu zangu, mtumishi akikaribia 60, au akiamua kutoka kwa hiari akiwa na 55, ushauri anaoupata kwa wenzake ni ule ule: chukua mkupuo (sehemu ya pensheni inayolipwa mara moja), nunua kiwanja Urambo, Sikonge, Kasulu au Kibondo, jenga, pumzika. Viwanja bei yake inafikika, hewa safi, usiku unasikia nyenje tu. Upande wa pili wapo wanaosema huko ni kujitenga na huduma wakati ule ule unapoanza kuzihitaji, na kwamba Tabora mjini au Kigoma-Ujiji ndiyo mwisho wa kwenda.

Mimi nipo upande wa mji mdogo. Lakini tuanze na fedha, maana hapo ndipo wengi wanapoanguka.

Chukueni mtumishi wa umma mwenye miezi 360 ya michango, wastani wa mshahara wake bora wa miaka mitatu ukiwa 1,000,000 kwa mwezi. Kanuni: 360 gawanya kwa 580, zidisha kwa mshahara wa mwaka, yaani 12,000,000. Unapata kama 7,448,000. Bajeti ya 2024/25 ilipandisha mkupuo wa kundi lililokuwa likipata nusu ya pensheni kwa mkupuo kabla ya kikokotoo (kanuni ya kukokotoa pensheni) kubadilishwa, kutoka asilimia 33 hadi 40. Asilimia 40 ya hiyo 7,448,000 mara 12.5 ni takriban 37,240,000. Asilimia 60 iliyobaki ukiigawa kwa 12 ni kama 372,000 kila mwezi.

Hiyo 372,000 ndiyo ya kula, ya maji, ya umeme, ya msiba na ya nauli ya hospitali. Mjini, pango peke yake linaweza kuimega vibaya. Mji mdogo unaiacha ipumue. Ndiyo hoja yangu.

Muuguzi, Ujiji

Shikamoo mzee wangu. Hesabu yako ni safi, ila imeacha kitu kimoja: saa.

Mimi nisingeuliza mji una utulivu kiasi gani. Ningeuliza: saa nane usiku, mwezi wa pili, mvua inanyesha, mgonjwa amepooza upande mmoja na mdomo umepinda, atamfikia daktari mwenye vifaa baada ya saa ngapi? Kiharusi cha damu kuganda kina dawa ya kuyeyusha donge, lakini inatakiwa ndani ya saa 4 na nusu tangu dalili zianze, na ni lazima kipimo cha CT-scan kitangulie kuhakikisha si mshipa uliopasuka. Kipimo hicho huwezi kukitegemea kwenye kituo cha afya cha kata. Urambo hadi Tabora ni takriban kilomita 90, Kasulu hadi Kigoma nako ni karibu hivyo hivyo. Kwa lami mchana ni safari fupi. Usiku, kwanza utafute gari, dereva aamshwe, mafuta yapatikane. Saa mbili zinapotea kabla tairi halijazunguka.

Sisemi watu wasihamie. Nasema kabla ya kulipia kiwanja, mtu ajibu maswali haya kwa miguu yake, aende mwenyewe akaulize. Hospitali iliyo karibu ina daktari usiku au ni wa kupigiwa simu? Dawa zake za presha zile anazotumia, kwa majina yake, zipo dirishani au huwa anaandikiwa akanunue? Bima inapokelewa? Mstaafu aliyekuwa mwanachama wa NHIF, bima ya afya ya taifa, anaendelea na matibabu yeye na mwenza wake, lakini kadi haileti dawa ambayo haipo kwenye kabati.

Mwenye kisukari anayechoma insulini ana jambo la ziada. Chupa ambazo hazijafunguliwa zinatakiwa nyuzi 2 hadi 8, na Tabora mwezi wa kumi joto linavuka 30. Umeme ukikatika siku mbili, ziweke kwenye mtungi: chungu kidogo ndani ya kikubwa, mchanga katikati, mchanga umwagiwe maji asubuhi na jioni, juu kitambaa kibichi, mahali penye kivuli na upepo. Haifikii friji, lakini inaokoa dawa isipikike. Asiiweke karibu na barafu hata siku moja, ikiganda imeharibika, ya kutupa.

Na malaria. Mikoa hii miwili ipo kwenye kundi la juu nchini. Chandarua chenye dawa ni cha kila usiku, kiangazi na masika.

Mwashi, Urambo

Dada muuguzi amesema kweli, lakini tusiwatishe watu. Miji midogo ina faida moja ambayo mjini huinunui: eneo. Eneo ndilo linalokupa maji, na maji ndiyo yanayowarudisha mjini wengi waliohama kwa furaha.

Twende kwa namba. Nyumba ya mita 9 kwa 8, vyumba vitatu, ukuta wa mita 2.7. Kuta za nje na za ndani, ukitoa milango na madirisha, ni kama mita za mraba 135. Matofali ya inchi 6 yanaingia 10 kwa mita moja ya mraba, kwa hiyo 1,350, ongeza ya kuvunjika, 1,400, bila msingi. Mfuko mmoja wa saruji utoe tofali 30. Anayekuambia anatoa 50 anakuuzia mchanga, utauona ukutani mvua ya pili.

Paa la nyumba hiyo na vibaraza vya sentimita 60 linafunika mita za mraba kama 94. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Tabora tunapata karibu milimita 900 kwa mwaka. Toa sehemu ya tano inayopotea, unabaki na lita zaidi ya 67,000. Maji yapo! Tatizo ni kwamba yanakuja kati ya Novemba na Aprili, halafu mbingu inafunga. Watu wanne kwa lita 40 kila mmoja ni lita 160 kwa siku. Siku 150 za ukavu ni lita 24,000. Simtanki la lita 5,000 ambalo kila mstaafu ananunua linaisha siku ya 31. Kuanzia hapo unanunua maji kwa dumu mpaka mvua za Novemba.

Bomba la Ziwa Victoria limefika Nzega, Igunga na Tabora mjini. Kwingineko usiamini bomba lililopita barabarani, uliza jirani anayeishi pale limetoa maji mara ngapi mwezi wa tisa.

Kwa hiyo kabla ya jamvi (zege la sakafu), chimba tanki la chini: urefu mita 4, upana 3, kina 2. Hilo ni lita 24,000. Waya wa mesh kwenye plasta, plasta ya ndani mikono (tabaka) mitatu, wa mwisho uwe na dawa ya kuzuia maji. Mvua ya kwanza usiiingize, imebeba vumbi na kinyesi cha ndege. Weka kiungo cha kugeuzia kwenye gata. Bomba la kumwagia ziada livalishwe wavu, la sivyo umefuga mbu. Na usiliache likauke kabisa kiangazi. Plasta ikikaa kavu miezi mitatu inapasuka, ukijaza maji yanazama chini na hujui kwa nini.

Mchwa nao. Huku ni misitu ya miyombo, mchwa ni wenyeji kuliko sisi. Dawa inamwagwa kwenye udongo wa msingi uliokwisha kushindiliwa, kabla ya zege, na tena kuzunguka nyumba. Ukimwaga halafu fundi bomba akaja kuchimba mtaro ndani, umefungua mlango. Kenchi (mbao za paa) zote zipakwe dawa kabla hazijapanda.

Jambo la mwisho kutoka kwangu: jengeni nyumba ya mzee, si ya kijana. Ngazi mlangoni hapana. Mlango wa choo na wa chumba uwe sentimita 90, kiti cha magurudumu kipite. Choo cha kukaa, ndani. Chuma cha kushikia ukutani, sentimita 80 kutoka sakafuni, kifungwe kwenye tofali lililojazwa zege, si kwenye plasta. Kukifunga baadaye ni kuvunja vigae.

Mleta mada

Mwashi, hili la lita 24,000 nililikosa kabisa, nashukuru. Lakini linaniongezea swali: tanki hilo na nyumba hiyo vitakula mkupuo wote. Je, asipate kitu cha kuingiza? Kigoma wanasifia michikichi kwa wastaafu.

Bwana shamba, Simbo

Mchikichi ni zao zuri na serikali imelisukuma sana tangu 2018, miche bora ya tenera (aina chotara yenye mafuta mengi) inazalishwa hapa Kihinga. Ila nitasema wazi: kama unaanza ukiwa na 60, piga hesabu ya mwili wako.

Nafasi ni mita 9 kwa 9 kwa mpangilio wa pembe tatu, miche kama 57 kwa ekari. Mazao ya kwanza mwaka wa tatu au wa nne. Miaka hiyo unapalilia duara la kila mche, unalinda dhidi ya moto wa kiangazi, na moto hapa ndio mwizi mkubwa: jirani anachoma shamba lake, upepo unageuka, miche ya miaka miwili imekwisha. Barabara ya moto ya mita 5 au 6 kuzunguka shamba, ilimwe kabla ya Juni. Katikati panda maharage miaka miwili ya mwanzo, si mahindi yaliyobanana yakaufunika mche.

Mti ukirefuka, kukata chane la matunda kunahitaji kijana mwenye mundu wa mti mrefu. Chane likikaa siku nyingi chini, mafuta yanachacha. Kwa hiyo aliye mbali na kinu, au asiye na mtu wa kuaminika, ekari 2 zinamtosha. Ekari 10 za mkupuo ni mzigo, siyo pensheni.

Kwa Tabora, mizinga ya nyuki inamfaa mzee zaidi kuliko tumbaku. Tumbaku inataka kitalu, bani (banda la kukaushia), kuni, usiku wa kulinda moto, na mkopo wa pembejeo. Msiwashauri wazee waingie huko.

Afisa ustawi, Nzega

Nimesoma yote na kuna jambo halijatajwa, nadhani kwa sababu ni zito. Wengi mnaandika kana kwamba mstaafu ni mwanamume mwenye mke. Mstaafu mjane, mwanamke, peke yake, ni suala jingine.

Katika ukanda wetu vikongwe wameuawa kwa tuhuma za uchawi, na macho mekundu yamekuwa ushahidi wa wauaji. Macho hayo ni moshi wa kuni wa miaka 40, au ugonjwa kama trakoma. Mama anayehamia mahali asipojulikana na ukoo wowote anahitaji kinga ya kijamii kabla ya ukuta wa tofali. Apikie gesi au jiko lenye bomba la kutolea moshi. Macho yakaguliwe mapema. Trakoma ina dawa, mtoto wa jicho hufanyiwa upasuaji. Nyumba iwe katikati ya nyumba za watu, si kwenye kona yenye utulivu ule mnaousifia. Ajitambulishe kwa mwenyekiti wa mtaa siku ya kwanza, aingie kwenye kikundi cha kufa na kuzikana na kwenye kanisa au msikiti. Atakayemwambia "mwangaluka" (salamu ya asubuhi ya huku kwetu) kila asubuhi ndiye atakayegundua siku ambayo mlango haukufunguliwa.

Kwa hiyo jibu langu kwa mada: kwa mama aliye peke yake na asiye na ndugu pale, mji wa mkoa. Mji mdogo alikozaliwa au alikofanya kazi miaka mingi, sawa.

Muuguzi, Ujiji

Hapo umenigusa, dada. Naongeza la ziwani kwa wanaovutiwa na Kigoma: mwaka 2020 na 2021 Ziwa Tanganyika lilipanda na kuingia kwenye nyumba za ufukweni. Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Anayekuuzia kiwanja unaponawa miguu ziwani anakuuzia kesi.

Mpima ardhi, Kasulu

Nami niingie hapo hapo kwenye kuuziana, maana mkupuo unapotelea kwenye karatasi mbovu kuliko mahali pengine popote.

Pembezoni mwa miji hii midogo ardhi nyingi bado ni ya kijiji, chini ya Sheria ya Ardhi ya Vijiji Na. 5 ya 1999. Halmashauri ya kijiji haiwezi kugawa ardhi bila Mkutano Mkuu wa Kijiji kuridhia kwanza. Mhuri wa mtendaji na sahihi ya mwenyekiti wa kitongoji, peke yake, havitoshi, hata kama mlikuwa na mashahidi kumi. Ukitaka kiwanja cha mjini kilichopimwa, fika ofisi ya ardhi ya halmashauri ukiwa na namba ya kitalu na kiwanja, waulize ramani ya upimaji imeidhinishwa au ni mchoro tu. Kisha nenda na mtu wa vipimo uone mawe ya mpaka kwa macho, mawe yanahamishwa.

Muuzaji akiwa na ndoa, mwenza wake asaini ridhaa mbele ya wakili. Nyumba ya wanandoa ikiuzwa na mmoja, mwenzake anaweza kwenda mahakamani na akasikilizwa. Upande wa mnunuzi vilevile, andikeni majina mawili, ya baba na ya mama, ili atakayebaki asifukuzwe na shemeji.

Kwa ardhi ya kijiji, ombeni nakala ya muhtasari wa Mkutano Mkuu uliopitisha ombi lenu. Muhtasari usio na tarehe na orodha ya mahudhurio yenye sahihi msiupokee, wala msitoe hata shilingi ya utangulizi.