Nimepewa kipindi cha gemu na teknolojia Dar, mdhamini ni kampuni ya kubeti. Naombeni ushauri

Binti Makorora (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Wakubwa zangu shikamooni.

Nina miaka 27, naishi Makorora hapa Tanga, nina diploma ya kompyuta. Mchana nimeajiriwa kutengeneza kompyuta na printa. Jumamosi usiku naendesha kipindi cha dakika 20 kwenye kituo kidogo cha televisheni ya kebo hapa mjini, mwaka wa tatu sasa. Nazungumzia gemu, simu na kompyuta. Nilianza kwa sababu wadogo zangu walikuwa wanashinda kwenye banda la gemu na hapakuwa na mtu wa kuwaeleza kwa nini simu inachemka, kwa nini bando linakwisha, au gemu ipi haimfai mtoto wa miaka tisa.

Watu wanadhani kazi ni kukaa mbele ya kamera na kuongea. Dakika hizo 20 zinanila siku tano. Gemu yenyewe naicheza kwanza, saa 15 hadi 20, ndipo nianze kunasa picha, kuandika na kurekodi. Maneno nayo yana kazi yake. Tangu walimu wagawiwe vishikwambi vilivyotumika kwenye Sensa ya 2022, nimeona neno la Kiswahili likitumika kila siku linakaa midomoni bila kulazimishwa, na tangu hapo sikubali kukimbilia Kiingereza. Kipindi ninachokipenda kuliko vyote nilieleza fremu kwa sekunde, yaani idadi ya picha zinazopita kwenye skrini kila sekunde, kwa kutumia daftari: nilichora mpira pembeni mwa kila ukurasa, nikaziachia kurasa zipite kwa kidole, polepole kisha haraka. Kesho yake mzee wa mtaani kwetu alinisimamisha akaniambia leo ndiyo ameelewa kwa nini mpira kwenye simu ya mjukuu wake unakwamakwama. Nilirudi nyumbani nalia kwa furaha.

Sasa mwezi uliopita kituo kimoja cha Dar, naomba nisikitaje, walinipigia. Nusu saa kila wiki, nchi nzima, mshahara mara tatu ya ninaoupata ofisini. Mkataba wa mwaka mmoja. Lakini mdhamini ni kampuni ya kubeti, na dakika tano za mwisho natakiwa nisome odi za wikiendi, yaani viwango vya malipo vya kubetia mechi. Halafu kuna kifungu kinasema video zangu zote, zilizopita na zijazo, zinakuwa mali ya kituo.

Mama yangu akisikia gemu anaelewa kamari. Nimetumia miaka mitatu kumtoa huko. Na mshahara huo ungemlipia dawa zake bila mimi kukopa.

Wanataka jibu Jumatatu. Waliopita njia hii naomba mnisaidie.

Mtu wa Chumbageni

Hongera sana dada. Mimi nasema nenda. Tanga yetu inaitwa waja leo waondoka leo, ila sisi wenyeji nafasi ya kuondoka na kazi mkononi hatuipati kirahisi. Kubeti si kosa kisheria, kampuni zina leseni, zinalipa kodi. Umeme wa studio, mpiga picha, mhariri, wote wanalipwa na mdhamini. Ukikataa, watampa mwingine asiyecheza hata gemu moja, atasoma karatasi.

Fundi Pedi

Dada, mimi nina banda Ngamiani, mwaka wa nane huu. Jumamosi usiku nazima mashine moja, televisheni yake naiwekea kipindi chako. Wanaokaa chini kukutazama ni wa darasa la tano, la sita, la saba. Wiki ile uliyoeleza neno la siri lisiwe tarehe ya kuzaliwa, watoto wawili walinijia nikawasaidia kubadilisha.

Hao hao tayari wanawekeana mia mbili kwenye mechi ya eFootball, ile gemu ya mpira. Nimeshafukuza wawili, na mmoja mama yake alikuja kunigombeza kwamba namnyima mwanawe mchezo. Ukisoma odi kwa sauti ileile waliyoizoea, wataamini nazo ni sehemu ya gemu. Tuna Sheria ya Michezo ya Kubahatisha ya 2003, na chini ya miaka 18 haruhusiwi kubeti. Sasa kampuni inatafuta nini kwenye kipindi cha mtoto ambaye hairuhusiwi hata kumuuzia mkeka, yaani tiketi ya kubeti?

Kwa Kiingereza neno moja, gaming, linabeba kamari na gemu. Kiswahili kimetupa maneno mawili tofauti. Nakuomba usiyaunganishe.

Mzee wa Studio

Marahaba mwanangu. Nimekaa kwenye televisheni miaka 19, nyuma ya kamera na mbele yake. Fundi kasema la watoto, mimi niseme la kazi.

Vipindi vya gemu huishi muda mfupi hata kwenye nchi zenye pesa. Uingereza walikuwa na GamesMaster kwenye Channel 4 kuanzia 1992, kikafungwa 1998. Marekani walianzisha chaneli nzima ya gemu, G4, mwaka 2002. Ikazimwa mwisho wa 2014. Wakaifufua Novemba 2021, Oktoba 2022 ikafungwa tena. Hata mwaka haikufikisha, na wafanyakazi wakatawanyika.

Sasa mwangalie Leo Laporte. Alikuwa anaendesha kipindi cha The Screen Savers kwenye TechTV, chaneli ya teknolojia ya Marekani, anaeleza kompyuta kwa watu wa kawaida kama unavyofanya wewe. Mwaka 2004 TechTV ikaunganishwa na G4. Mwaka 2005 yeye akaanzisha TWiT, vipindi vyake mwenyewe vya kusikiliza kwenye intaneti, na watazamaji wake wa zamani wakamfuata huko. Chaneli ilikufa, mtangazaji akabaki na watu wake.

Ndiyo maana kifungu cha video kinanitisha kuliko odi. Odi unaweza kukataa kuzisoma hata mwezi wa tatu. Video za miaka mitatu ukishazisaini hazirudi. Kipindi kikifungwa utarudi Tanga huna hata ile ya daftari.

Kijana wa Raskazone

Naongezea kwa Mzee. Kuna mhakiki wa gemu, Jeff Gerstmann. Mwaka 2007 aliipa Kane & Lynch alama 6 kwa 10 kwenye GameSpot, wakati kampuni ya gemu hiyo imejaza matangazo kwenye tovuti ileile. Akafukuzwa. Miaka mingi hakuweza kusema wazi, mpaka 2012 akathibitisha kwamba ilitokana na shinikizo la watangaza biashara. Lakini 2008 alikuwa ameshaanzisha tovuti ya gemu ya Giant Bomb na wenzake, na wasomaji walihamia kwake kwa sababu walijua alama zake haziuzwi. Dada waulize mapema: bidhaa ya mdhamini ikiwa mbovu, nitaruhusiwa kusema ni mbovu? Jibu lao litakuonyesha kipindi chenyewe ni cha aina gani.

Wakili Pangani Road

Nisome kisheria kidogo. Kazi utakayoifanya ukiwa mwajiriwa wao, kwa kawaida inakuwa yao, isipokuwa mkataba useme vinginevyo. Hapo usipoteze nguvu sana. Zilizopita ni jambo jingine kabisa, hawakukulipa hata shilingi ulipozitengeneza. Omba neno "zilizopita" lifutwe. Halafu angalia kituo cha hapa Tanga kilichozirusha: mliandikiana? Kama hakuna maandishi, tafuta barua yao fupi ikutambue wewe kuwa mwenye video, kabla hujapanda basi.

Lingine, waulize kama nafasi hiyo itakudai ithibati (kibali rasmi) ya uandishi wa habari chini ya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016. Diploma yako ni ya kompyuta. Lijue leo, lisikukute mwezi wa pili kazini.

Binti Makorora

Nimesoma yote, mengine mara mbili. Wakili, hatukuandikiana chochote na kituo cha hapa, ni kweli. Kesho asubuhi naenda kwa meneja. Fundi, sikujua kama unanizimia mashine Jumamosi. Hiyo ni pesa unapoteza. Nashukuru sana.

Mtu wa Chumbageni, na wewe hujakosea. Dawa za mama ni kila mwezi.

Mtu wa Chumbageni

Dada nimemsoma Fundi nikamfikiria mwanangu, yuko la sita. Narudi nyuma hatua moja. Usikatae kazi, kataa zile dakika tano. Waambie kampuni ya kubeti ipelekwe kwenye kipindi chao cha mpira cha usiku, watazamaji wake ni watu wazima. Kwako watafute muuza simu au wa intaneti. Wenye biashara za namna hiyo wapo wengi.

Mzee wa Studio

Hilo linawezekana. Mdhamini kuhamishwa kipindi ni jambo la kawaida, idara ya masoko inalifanya kwa barua moja. Waandikie, usipige simu. Maneno ya simu hayana shahidi.

Binti Makorora

Wakuu mrejesho. Meneja wa hapa amenipa barua, ina muhuri. Jana nilituma barua pepe Dar yenye mambo mawili tu: odi zisisomwe ndani ya kipindi changu, na neno "zilizopita" litoke. Leo mtayarishaji kajibu. La video wamekubali. La odi anasema lazima akae na watu wa masoko, nimpe mpaka Ijumaa. Nimempa. Nimemwandikia pia kwamba hilo likishindikana sitakwenda, na mama nimemsomea barua yote kabla sijaituma.

Fundi Pedi

Jumamosi hii kipindi kipo?

Binti Makorora

Kipo kaka. Nazungumzia chaja bandia. Nimepasua nne, nitaonyesha ndani yake.

Fundi Pedi

Sawa. Nawaambia watoto waje mapema.