Mwanafunzi wa Gredi ya 7 anajua hesabu lakini swali lenyewe hawezi kulisoma. Nifanyeje?

MwalimuKaptembwo aliuliza:

Hamjambo walimu na wazazi.

Nafundisha Hisabati na Sayansi katika Sekondari Msingi (Gredi ya 7 hadi 9) huku Kaptembwo, Nakuru. Gredi ya 7 nina wanafunzi 63, watatu watatu kwa kila dawati.

Jumatano iliyopita nilikuwa nasahihisha zoezi. Swali moja, kwa Kiingereza kama yalivyo yote, lilikuwa hivi: mfanyabiashara alinunua trei 3 za mayai, kila trei ina mayai 30, na 17 yakavunjika. Yalibaki mangapi? Kijana mmoja (nitamwita Baraka, si jina lake) aliandika 3 + 30 + 17 = 50. Alichukua kila nambari aliyoiona akajumlisha.

Nilimwita wakati wa chai nikamwambia anisomee swali. Alishika kitabu kwa mikono miwili, kidole gumba kikafunika nusu ya mstari. Akasoma neno la kwanza, akanyamaza. Neno la pili akaliruka kama mtu anayeruka mtaro. Alipofika kwenye "left" uso ukamwangaza, maana hilo alilijua. Akaniambia, "Mwalimu, hapa wanauliza mayai ya kushoto ni mangapi."

Nilifunga kitabu. Nikamwuliza kwa Kiswahili, kama tunavyoongea: mama yako amechukua trei tatu, kumi na saba yamevunjika njiani kwa boda, atauza mangapi? Sijamaliza hata kuvuta kiti, akajibu sabini na tatu. Mama yake huuza mayai ya kuchemsha jioni karibu na steji, na Baraka ndiye anayehesabu chenji.

Muhula mzima nimekuwa nikimwandikia "Chini ya Matarajio" kwa hesabu anayoijua. Hilo limeninyima usingizi.

Tangu siku hiyo nimewasikiliza wote, mmoja mmoja, wakati wa chakula cha mchana. Niliwapa aya fupi ya kitabu cha Kiingereza cha Gredi ya 3. Wanafunzi 14 hawakuweza kuimaliza. Wanne kati yao hata hesabu yenyewe imekatika mahali: ukiwapa 3/8 + 1/4 wanakuandikia 4/12.

Vipindi vya Hisabati ni vitano kwa wiki, dakika 40 kila kimoja, na silabasi haisubiri mtu. Mimi nilisomea Hisabati na Fizikia. Chuoni nilifundishwa kumfundisha mtu ambaye tayari anasoma. Hakuna siku niliyofundishwa kumfundisha mtu kusoma. Wazazi wawili wamependekeza tuisheni ya kulipia wakati wa likizo. Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza, na hata isingekataza, mama Baraka angetoa wapi pesa?

Swali langu: mtoto wa miaka 13 anafundishwaje kusoma bila kumvunja mbele ya wenzake? Na ninyi wenzangu, muda mnaupata wapi?

---

Baba_Wanne, Molo:

Pole na kazi, mwalimu. Mimi naona hawa wangerudishwa Gredi ya 5 wakajengwe upya. Kumsukuma mtoto mbele na hasomi ni kumdanganya yeye na mzazi wake.

---

MwalimuKaptembwo:

Nakuelewa, baba. Lakini sheria hiyohiyo hairuhusu mwanafunzi kuzuiwa darasani arudie. Halafu fikiria Baraka akae na watoto wa miaka 11 kwa sababu ya neno "left", na hesabu anawashinda wengi wa darasa lake. Hatarudi shule kesho yake.

---

MwalimuMdogo_Lurambi, Kakamega:

Dada, nimekaa Gredi ya 1 na ya 2 miaka kumi na sita. Nimesoma swali lako mara mbili na nina furaha umeuliza, kwa sababu walimu wengi wa Sekondari Msingi hutuona sisi wa watoto wadogo kama majirani tu. Sekondari Msingi zetu ziko ndani ya shule za msingi. Anayejua kazi hii yuko ng'ambo ya uwanja, pengine mnachangia choo kimoja. Vuka uende umsalimie.

Lakini kabla ya kuvuka, nikuulize jambo. Umewapima kwa Kiingereza pekee. Je, Kiswahili wanasoma? Mpe kila mmoja wa hao 14 aya ya Kiswahili cha Gredi ya 3. Kiswahili huandikwa kinavyotamkwa, kwa hiyo mtoto anayejua silabi hawezi kushindwa kukisoma. Akisoma vizuri, basi huyo si mtoto asiyejua kusoma. Ni mtoto aliyekosa maneno ya Kiingereza, na dawa yake ni nyingine kabisa. Akikwama hata kwenye Kiswahili, shuka naye ngazi: sentensi, akishindwa maneno, akishindwa silabi, akishindwa sauti za herufi. Pale anapoweza bila kutetemeka, anzia hapohapo, hata kama ni silabi. Usione haya kwa niaba yake.

Wapange kwa ngazi waliyopo. Dakika ishirini kila siku zina nguvu kuliko saa mbili za Jumamosi. Waanze na Kiswahili ili waonje ushindi mapema, halafu uwavushe kwenye Kiingereza wakiwa na moyo.

Sasa hilo la aibu. Mimi hufanya hivi: namwomba mwalimu wa Gredi ya 7 aniletee wale wakubwa wanaohangaika, waje "kunisaidia" na watoto wangu wa Gredi ya 1. Kila mkubwa anapewa mdogo mmoja na kitabu chenye mstari mmoja kwa kila ukurasa. Siku moja kabla, anakisoma nami peke yetu hadi kilainike mdomoni. Kesho yake anamsomea mdogo. Hakuna anayemcheka mtu anayemsomea mtoto wa miaka sita, na yule mdogo anamwita mwalimu. Nimemwona kijana mwenye ndevu za kuanza akirudi madirishani kwangu saa kumi kuuliza kama kuna kitabu kingine.

Kitu kimoja tu nakusihi: usiwaite "kikundi cha wasiojua kusoma" hata mkiwa ofisini. Jina hilo litafika uwanjani kabla ya kengele.

---

MamaMerci, Vihiga:

Samahani, mimi si mwalimu. Kilichonigusa ni kile kidole gumba. Hicho kitabu Baraka alikishika karibu na uso kiasi gani?

Binti yangu alipoingia Kidato cha 1 alianguka vibaya. Barua ya shule ilisema ni mvivu na hanakili kazi ubaoni. Nilimgombeza, Mungu anisamehe. Mwaka mzima alikuwa akikaa nyuma na kunakili kutoka kwa daftari la jirani, na jirani akikosea, na yeye anakosea. Ni shangazi yake aliyegundua, kwa kumwona akisogeza simu hadi puani. Tulimpeleka Hospitali ya Macho ya Sabatia, akapimwa, akapewa miwani. Tulipokuwa tukirudi kwa matatu alikuwa akinisomea vibao vyote vya maduka kwa sauti hadi Chavakali. Abiria walidhani anacheza. Mimi nilikuwa nalia.

Mwalimu, waweke hao 14 nyuma ya darasa, andika maneno mafupi ubaoni, wasome jicho moja moja wakiwa wamefunika lingine. Ni dakika kumi tu.

---

Chaki_Nyalenda, Kisumu:

Mwalimu mwenzangu, Lurambi amemaliza ya kusoma. Mimi naongeza ya hesabu.

Maneno ya Kiingereza yanayowaua si mengi. Nilipekua mitihani yangu nikapata kama thelathini yanayorudi kila mara: each, left, altogether, share, remainder, product. Nimeyabandika ukutani, kila moja na mfano wake kwa Kiswahili na mchoro. "Difference" lilinishangaza zaidi. Niliuliza tofauti ya 8 na 5, nusu ya darasa wakaandika kwamba moja ni shufwa na nyingine ni witiri. Ukifikiri vizuri, hawakukosea, walijibu swali walilolisikia.

Halafu kuna kanuni darasani mwangu: hakuna kushika kalamu kabla jirani hajakusimulia swali kwa maneno yake, kwa Kiswahili au Dholuo, lugha yoyote. Inakula dakika tatu. Nimezifidia kwa kupunguza maswali ya zoezi kutoka kumi hadi sita.

Hao wanne wa 4/12 wape karatasi waikunje. Robo ikikunjwa tena inakuwa 2/8, wanaiona kwa macho yao. Ukiwaambia tu "tafuta kigawe kidogo cha shirika" watakariri leo na kusahau Ijumaa.

Muda: mimi huanza saa moja na dakika arobaini, kabla ya gwaride. Wengi huwa wamefika tayari, wanarandaranda tu uwanjani. Silipishi mtu, na mwalimu mkuu anajua.

---

MwalimuKaptembwo, baada ya wiki tatu:

Nimerudi kuwajulisha, na kuwashukuru kwa kweli.

Lurambi, ulikuwa sahihi na mimi niliwachanganya. Kati ya 14, sita wanasoma Kiswahili vizuri tu, na Baraka ni mmoja wao. Alisoma aya nzima polepole bila kuruka neno. Wanane ndio hawasomi kwa lugha yoyote, na wawili kati yao wanakwama kwenye silabi zenye konsonanti mbili: mb, nd, ng.

Mama Merci, macho ya Baraka ni mazima. Lakini msichana mmoja wa wale wanane hakuona herufi hata moja kwa jicho la kulia, na yeye mwenyewe alidhani watu wote huona hivyo. Nimeongea na nyanya yake, wanampeleka kliniki Alhamisi. Kwa sasa anakaa mbele.

Ukuta wa maneno tumeuanza. Baraka ndiye aliyechora "left": trei ya mayai, mengine yamevunjika, mengine mazima, na mshale unaoonyesha yale mazima. Kwenye zoezi la juzi alipata maswali manne kati ya sita. Mawili aliyokosa yalikuwa na maneno ambayo bado hatujayaweka.

Gredi ya 1 tulienda Jumanne kwa mara ya kwanza. Kijana mmoja alikataa mlangoni, sikumlazimisha. Wengine saba waliingia. Msichana ambaye hajawahi kunyoosha mkono kwangu alimsomea mtoto kitabu cha kurasa nane, akajikwaa kwenye "mbwa", akarudia. Yule mdogo akamvuta sweta: "Rudi pale kwa fisi."

Mwalimu wa Gredi ya 2 ameniazima kadi zake za silabi hadi Ijumaa. Ziko hapa mezani zimechanganyika, na kesho saa moja na dakika arobaini wanane watakuwa mlangoni. Niache nikazipange.