Wawili wamepata Divisheni III ya 14, mmoja kaenda chuo mwingine yuko nyumbani. Hii hesabu watoto wanafundishwa lini?

Wakuu, habari za jioni. Hili jambo nimekaa nalo wiki ya pili sasa, nisipolitema litanipasua.

Mdogo wangu wa kike kamaliza kidato cha sita, kombi ya PCB, shule ya binafsi ambayo siitaji maana cheti bado hatujachukua. Matokeo yakatoka: Baiolojia D, Kemia E, Fizikia E. Divisheni III ya pointi 14. Najua sio matokeo ya kupigiwa vigelegele, ila mama alivipiga, na jogoo akaondoka. Shule nayo ikatundika bango getini: UFAULU ASILIMIA 100, HATUNA FOUR, HATUNA ZIRO. Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora tangu 2023, lakini mabango ya mageti hayajapata hiyo taarifa.

Nyumba ya pili kutoka kwetu kuna kijana wa HGK. Kiswahili D, Historia D, Jiografia S. Naye III ya 14, sawasawa na wetu. Wakapongezana, wakapiga na picha.

Madirisha ya vyuo yakafunguliwa. Nikamtumia binti elfu kumi ya chuo cha kwanza, siku ya tatu elfu kumi ya chuo cha pili. Mfumo unakupa namba ya malipo kwanza, unalipa, ndipo unaingia kuchagua kozi. Ukishachagua ndio unaletewa maandishi mekundu kwamba hujakidhi vigezo. Namba ya mtihani ya mtoto wameshaichukua, matokeo yake wanayaona, lakini la kusema hana sifa wanalitunza mpaka hela iingie. Kwa nini lisisemwe mapema? Kila mtu anajua kwa nini.

Nikaona labda anakosea kujaza. Jumamosi tukaenda wote stesheneri, kuna dogo pale anajazia watu maombi kwa elfu tano. Akaangalia zile herufi tatu kama sekunde kumi hivi, akaniambia, "Kaka, hapa hela yako siichukui. Huyu ana tatu, wanataka nne."

Tatu zipi tena? Si tumeambiwa 14?

Akageuza risiti ya luku akaanza kuandika. Kwenye divisheni, A ni 1, B ni 2, C 3, D 4, E 5, S 6, F 7. Unajumlisha masomo matatu ya kombi, na pointi zikiwa chache ndio umefaulu zaidi: 3 hadi 9 ni one, 10 hadi 12 ni two, 13 hadi 17 ni three. Sasa ukifika mlango wa chuo kikuu, hesabu inasimamishwa kichwa chini miguu juu. A inakuwa 5, B 4, C 3, D 2, E 1. Hapo zikiwa nyingi ndio nzuri. Na hawajumlishi matatu, kigezo cha jumla cha TCU (Tume ya Vyuo Vikuu) kinaangalia masomo mawili tu, yale yanayoibeba kozi unayoiomba, yote mawili yawe prinsipo (yaani A mpaka E, S haimo) na yafikishe pointi 4.

Haya, mjumlishieni. Kijana wa HGK ana D mbili, 2 na 2, nne hizo. Kaomba ualimu wa Kiswahili na Historia, kapata. Wetu ana D na E, 2 na 1, tatu. Yeye kafaulu masomo yote matatu kwa kiwango cha prinsipo, mwenzake kafaulu mawili na la tatu kaambulia S. Wote III ya 14. Mwenye mawili kaenda, mwenye matatu anaosha vyombo.

Sisemi kijana kaonewa upendeleo, hapana, kapita kihalali. Wala sisemi binti yetu angekuwa daktari, huko wanataka D kwenda juu kwenye Fizikia, Kemia na Baiolojia zote tatu, pointi 6. Hasira yangu ni kwamba hii hesabu inaingia nyuma ya risiti ya luku, imenichukua dakika mbili kuielewa, na mtoto amekaa shuleni miaka miwili, ada milioni kadhaa, hajawahi kuisikia. Nimemuuliza nyumbani: "Mlikuwa mnaambiwa nini kuhusu chuo?" Anasema waliambiwa wakazane, wasipate four. Kumbe three yenyewe kuna ya kwenda na ya kubaki! Angeambiwa mapema kwamba D moja zaidi kwenye Kemia ndiyo yote, angeacha kugawa usiku sawa kwa sawa kati ya Kemia na Fizikia iliyokuwa inamtoa machozi.

Halafu washauri wa ukoo sasa. Binamu yangu wa 2015 kaja na hesabu zake za enzi za madaraja yenye B+, anasema C ni pointi 2, mdogo wetu hana hata chembe. Ni kweli kwa waliomaliza 2014 na 2015 ilikuwa C 2 na D 1, lakini kuanzia wa 2016 ilirudishwa ya zamani. Kila aliyemaliza shule anashauri kwa mwaka wake, na wote wana uhakika.

Kinachoniuma kuliko vyote: rafiki yake aliyemaliza naye kidato cha nne, matokeo yanakaribiana kabisa, alikwenda moja kwa moja diploma ya utabibu. Sasa hivi yuko katikati ya kozi, akitoka na GPA (wastani wa alama za chuo) ya 3.0 anaomba chuo kikuu kama mtu mwingine yeyote. Sisi tulimcheka. Tukasema anakimbia kidato cha tano. Leo binti yetu akitaka hiyo diploma anaingia kwa cheti cha kidato cha nne, miaka miwili ya PCB haimpunguzii hata muhula.

NYONGEZA: Mnaosema "angesoma", nimewasikia, hata yeye anajua. Aliyesoma vizuri hahitaji huu uzi.

NYONGEZA 2: Asante mliotaja kozi ya msingi ya Chuo Kikuu Huria, ile ya kumvusha aliyekosa vigezo vya digrii. Nimesoma vigezo, wanapokea kuanzia pointi 1.5 kwa masomo mawili, kwa hiyo anaingia, ila lazima atoke na GPA ya 3.0 na C tatu kwenye kundi lake. Kama kuna aliyepita huko akitokea PCB, aje hapa aseme ukweli wa huko ndani, sio wa kwenye tangazo.

NYONGEZA 3: Wale wa vyuo viwili niliwaandikia kuomba elfu ishirini yangu. Mmoja kajibu leo asubuhi. "Ndugu mwombaji, ada ya maombi hairejeshwi. Tunakukaribisha dirisha la pili."