Wakuu msaada wa haraka: karameli inateleza kwenye maepo na Ijumaa nayahitaji

MamaWaDarasaLaPili
Habari za usiku wanajamvi. Mimi nipo Minnesota huku Marekani, saa hizi majani yanapukutika, baridi ndo inabisha hodi na kila unapopita ni maboga na maepo. Sasa nataka kutengeneza yale maepo ya kijiti, unachovya kwenye karameli halafu juu unamwagia chokoleti. Video zote wanasema rahisi, dakika ishirini umemaliza. Mimi nikichovya inakaa vizuri kabisa, nikigeuka kuchukua lingine nakuta imeshuka yote imejikusanya chini kama soksi iliyokatika lastiki. Sukari nayeyusha mwenyewe, siagi naweka, krimu naweka. Shida ni nini? Naombeni majibu ya maana tafadhali, Ijumaa nayahitaji.

Kijana wa Kyela
Wa kwanza kukoment. Sisi tunalima kakao huku Kyela na chokoleti tunaiona kwenye friji za supamaketi ya mjini ikiwa imetoka ng'ambo. Endeleeni tu.

Sufuria Nyeusi
Dada yangu hayo maepo umenunua dukani au umechuma shambani? Kama ni ya dukani yamepakwa nta ndo maana yanang'aa vile. Karameli haishiki kwenye nta. Chemsha maji, tumbukiza epo sekunde chache tu usije ukalipika, toa, futa na kitambaa kikavu kwa nguvu mpaka ule mng'ao ufifie. Halafu yaache yakauke kabisa. Na kama unayatoa kwenye friji unachovya hapohapo, yanatoa jasho, maji yanakaa kati ya ganda na karameli. Epo liwe kavu na lisiwe la baridi. Karameli nayo usichovye ikiwa inachemka, iache itulie kidogo iwe nzito.

MamaWaDarasaLaPili
Asante sana Sufuria. Ni ya dukani, Honeycrisp. Na ndiyo nilikuwa nayatoa kwenye friji, mbona kwenye video hawasemi?

Sufuria Nyeusi
Honeycrisp ni la kwenu hukohuko, chuo kikuu cha Minnesota ndo walilitoa mwaka 1991, kulila hivihivi ni tamu sana ila ina maji mengi na sukari juu ya sukari inachosha. Tafuta Granny Smith, yale ya kijani, machachu, magumu. Uchachu ndo unakata utamu wa karameli. Unapima joto au unakadiria kwa macho?

MamaWaDarasaLaPili
Macho.

Sufuria Nyeusi
Basi hapo ndo penyewe. Nunua kipimajoto cha sukari. Karameli ya kuchovya inatakiwa ifike kama 118 za Selsiasi, kwa vipimo vyenu 245. Ukitoa mapema inashuka, ukipitiliza sana inakuwa jiwe watu wanang'oka meno.

Bi Shuweikha wa Tanga
Kipimajoto cha nini jamani. Shangazi yangu Mungu amrehemu alikuwa anapika kashata za nazi na za karanga Tanga pale, anachota tone la shira analidondosha kwenye kikombe cha maji baridi, akilishika likifanya kidonge basi imeiva, likiyeyuka bado. Hakuwahi kuwa na kipimajoto wala saa. Na kashata zake zilikuwa zinapelekwa mpaka Pemba kwenye harusi, watu wanagombania. Siku moja binti wa jirani akaja kujifunza akaambiwa akoroge asiache, akaacha kukoroga akaenda kuongea na simu, ile sukari ikaganda punje punje kama mchanga, shangazi hakumwambia kitu, akamwaga akamwambia anza upya na sukari nunua wewe. Mpaka leo huyo binti akipika kitu cha sukari simu anaiacha chumbani.

Sufuria Nyeusi
Bi Shuweikha hiyo ya kikombe cha maji ni sahihi kabisa, kipimajoto kinapima kitu hichohicho. Ila kuganda punje kwenye karameli kinga yake ni matone ya limau au ile shira ya mahindi wanayouza huko.

Dada Lowell
Mum pole sana, mimi niko Massachusetts, hapa kwetu Wakenya ni wengi na kila Oktoba ni hii story ya maepo. Mimi siku hizi sihangaiki na kijiti. Nachukua epo lililokaushwa, nafungia ndani ya kipande cha karameli laini, nazungusha kiduara, nachovya kwenye chokoleti, naweka kwenye friji. Imeisha hiyo. Hakuna juisi ya kuvuja, hakuna kuteleza. Chokoleti iyeyushe kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji ya moto na tone moja la maji lisiingie, likiingia chokoleti inakamatana yote inakuwa uji wa mchanga. Kwani unapikia watu wangapi?

MamaWaDarasaLaPili
Watu wa kawaida tu.

Dada Lowell
Watu wa kawaida ni wangapi? Familia au mnauza?

MamaWaDarasaLaPili
Siuzi. Ni kama arobaini hivi.

Mtunza Wazee
Arobaini siyo familia dada. Nakuuliza kwa sababu moja. Mwaka 2014 huko Marekani maepo ya karameli yaliua watu, ni bakteria wa listeria. Ukichoma kijiti juisi ya epo inatoka inakaa chini ya karameli, ukiyaacha juu ya meza kwenye joto la nyumba bakteria kama wapo wanazaliana. Waliougua walikuwa 35 kwenye majimbo 12. Kwa hiyo osha maepo vizuri, ukishachovya friji, na yaliwe ndani ya siku chache. Ni ya nani hayo arobaini?

MamaWaDarasaLaPili
Sawa nitaweka kwenye friji. Ni ya shule. Darasa la mwanangu lina sherehe Ijumaa na darasa la jirani nalo linakuja.

Fundi Tabasamu
Kumbe ni mama mwalimu. Nataka epo langu lifungwe na utepe mwekundu tafadhali.

Mtunza Wazee
Shule waliruhusu vitu vya kupika nyumbani? Shule nyingi za huko wanataka vya dukani, vimefungwa, vina lebo ya viambato.

(masaa mawili kimya)

Dada Lowell
Mum? Umesoma swali?

MamaWaDarasaLaPili
Nimesoma. Barua ilikuja ndiyo, wanasema vya dukani. Lakini jamani mwaka jana nilipeleka biskuti za dukani zimefungwa kwenye plastiki, mama mmoja akaja na keki za maboga zimepambwa, na hakuna aliyemfukuza. Mwanangu alirudi ananiuliza mama mbona wewe hupiki. Safari hii nimeshawaahidi, na mwalimu mwenyewe nilimwambia kwa mdomo akatabasamu. Barua ni ya kila mtu, wanaituma kila mwaka.

Mtunza Wazee
Barua ilitaja sababu?

MamaWaDarasaLaPili
Kuna mtoto mmoja ana aleji ya karanga.

Sufuria Nyeusi
Na wewe ulipanga kuweka nini juu ya chokoleti?

MamaWaDarasaLaPili
Karanga zilizosagwa lakini NUSU TU. Nusu nyingine bila. Na sufuria naosha. Hivi kuna mtu amewahi kufa kwa karanga hapa? Sisi tumekula karanga tangu tunanyonya.

Bi Shuweikha wa Tanga
Binti yangu. Hapana.

Mtunza Wazee
Dada mimi kazi yangu ni kukaa na wagonjwa, nimeona mtu midomo inavimba na pumzi inakata ndani ya dakika chache, kitu alichogusa ni kijiko tu. Kinachoumiza ni protini ya karanga na inabaki kwenye mwiko, kwenye kitambaa, kwenye vidole vyako. Kupika nusu ina karanga nusu haina kwenye jiko moja haisaidii. Hata chokoleti yenyewe ya dukani soma nyuma, nyingi wanaandika inaweza kuwa na karanga. Sheria ya kuandika karanga kwenye lebo kama ni kiambato huko ipo tangu 2004, haikuja kwa bahati mbaya. Huyo mtoto anatembea na sindano ya dharura ya aleji kwenye begi halafu wewe unashindana na mama wa keki.

MamaWaDarasaLaPili
Sishindani na mtu. Na nilikuwa niweke kibandiko cha duka juu ya boksi ili mwalimu asipate shida ya kueleza.

Fundi Tabasamu
Heeeee

Kijana wa Kyela
Hapo tumetoka jikoni tumeingia mahakamani.

Dada Lowell
Aki mum hapana, hiyo ya kibandiko usifanye, ni kudanganya wazazi wa mtoto mgonjwa. Wakisoma kibandiko wakaona hakuna karanga wanamruhusu ale.

Jicho la Mwewe
Samahani naingilia. Hii akaunti nimeifungua nikasoma nyuzi zake za zamani. Mwezi wa sita ilikuwa inauliza bei ya viwanja Kigamboni na iliandika, nanukuu, "mimi ni kijana wa kiume sijaoa". Leo ni mama wa mtoto wa darasa la pili Minnesota?

MamaWaDarasaLaPili
Akaunti ilikuwa ya mdogo wangu, amenipa, nikabadilisha jina. Kuna tatizo?

Jicho la Mwewe
Weka picha ya hayo maepo basi.

MamaWaDarasaLaPili
[picha]

Jicho la Mwewe
Wakuu angalieni ukutani nyuma ya sufuria. Ile soketi ni ya matundu matatu ya mstatili. Marekani soketi zao ni mistari miwili myembamba na tundu la duara chini. Hiyo ni soketi ya Tabata hiyo.

Kijana wa Kyela
Na maepo ni mekundu madogo, kama ya Njombe. Nimeyalima nayajua.

MamaWaDarasaLaPili
Picha ni ya dada yangu yuko Dar, nilimwambia ajaribu na yeye nione kama kwake yanateleza. Ya kwangu simu haina chaji. Nyie mmekuja kusaidia au kupeleleza?

Fundi Tabasamu
Simu haina chaji ila jamvini upo hewani 😂

Bi Shuweikha wa Tanga
Mwacheni. Kama ni kweli ameshaambiwa, kama ni uongo hakuna mtoto aliyeumia.

Jicho la Mwewe
Bi mkubwa watu wamepoteza usiku mzima hapa. Uongozi uhamishie uzi huu jukwaa la hadithi.

Mtunza Wazee
Mimi sijapoteza kitu. Mwenye mtoto shuleni huko nje atasoma.

Dodoma Makulu
Jamani kama mmemaliza kugombana, mimi nimesoma toka juu na nimeshanunua maepo manne na kopo la maziwa mazito ya sukari. Naambiwa ukichemsha kopo bila kufungua linakuwa karameli. Nichemshe muda gani?

Sufuria Nyeusi
Masaa mawili hadi matatu, moto mdogo, na maji yafunike kopo MUDA WOTE, yakipungua ongeza ya moto, kopo likibaki kavu linalipuka na dari utapaka rangi upya. Likiiva liache lipoe kabisa ndo ufungue. Ila hiyo inakuwa laini, kwenye epo zima na kijiti itashuka. Kata vipande, chovya, juu mwagia chokoleti, mle hapohapo.

MamaWaDarasaLaPili
Samahani Sufuria, na chokoleti inaingia karameli ikiwa bado ya moto au mpaka igande?

Sufuria Nyeusi
Mpaka igande. Na karanga?

Dodoma Makulu
Mie kwangu weka, hatuna aleji. Maji yameanza kuchemka, nahesabu kuanzia sasa au tangu nilipowasha?

Sufuria Nyeusi
Sasa.