Plagi kulegea kwenye injini ndogo: tupeane uzoefu (boda, pampu, msumeno, hata ndege za rimoti)

Dogo wa Sakina
Wakuu salaam. Wiki mbili nzima nimehangaika na pikipiki isiyo na nguvu. Nikitoka Sakina hapa Arusha kupandisha Ngaramtoni, gia ya tatu haivuti kabisa, narudi ya pili kama nimebeba matofali. Fundi wa kwanza akasema kabureta chafu, ikaoshwa. Wa pili akasema klachi imekwisha. Wa tatu akataka kufungua valvu. Kila mmoja alikula chake na mimi nikabaki na mlima wangu.

Ijumaa jioni nimesimama getini injini inawaka, mtoto wa jirani akaniuliza, "Anko, ndani ya pikipiki yako kuna kifaranga?" Nikainama nikasikiliza. Kweli bwana, chwi-chwi-chwi, na nikivuta mafuta kinalia haraka zaidi. Nikazima, nikasubiri ipoe, nikashika plagi, ile inayotoa cheche ya kuwasha mafuta. Ikazunguka kwa vidole. Kwa vidole! Nikaikaza, na Jumamosi nimepanda ule mlima na abiria na gunia lake la viazi.

Aliyewahi kukutwa na hili aseme ilikuwaje na alijuaje. Za kusikia hapana, leteni yenu.

Mzee wa Pampu
Kijana, shikamoo hujatoa ila nitakujibu.

Mimi nalima mpunga Mabogini, chini ya Moshi. Pampu yangu injini ya foro stroki, ile plagi kubwa ya spana 21. Msimu uliopita ilianza kuwaka kwa shida asubuhi, na ikiwaka inakata maji kabla jaruba halijajaa. Nilichoona ni duara jeusi la mafuta na masizi kuzunguka plagi, hali sehemu nyingine ya kichwa cha injini ni vumbi tu. Nikachukua maji ya sabuni ya kufulia, nikamwagia pale shinani, nikamwambia kijana avute kamba taratibu. Mapovu yakatoka kama sufuria ya maharage.

Kilichotokea, huyo kijana aliifungua plagi kuisafisha, na ile washa ya chini, kile kipete cha chuma cha kuziba, ilikuwa imelegea ikadondokea kwenye tope. Akaona ni kitu kidogo, akafunga hivyo hivyo. Tena alikaza kwa nguvu zake zote, kwa hiyo siwezi kusema hakukaza. Bila washa chuma kwa chuma hakishiki, mtetemo unakifungua polepole.

Fundi Mkono Mwepesi
Mzee umegusa penyewe. Nina gereji ndogo Pasua, Moshi, niongeze kidogo.

Ile washa imetengenezwa ibonyee. Ukikaza mara ya kwanza inajikunja na kuziba. Kwa hiyo plagi mpya unaizungusha kwa vidole mpaka ikae, halafu na spana kama nusu mzunguko, basi. Plagi uliyoitoa ukairudisha, washa yake imeshabonyea, haihitaji nusu tena. Kidogo tu, mwendo wa mshale wa saa kutoka 12 kwenda 1. Wengi wanarudisha ya zamani wakiikaza kama mpya, wanaua nyuzi. Wengine wanaogopa, wanaiacha haijakaza. Hiyo nayo ni balaa.

Msichukulie kwamba hasara yake ni kelele na kukosa nguvu peke yake. Joto la plagi hutoka kupitia nyuzi na washa kwenda kwenye kichwa cha silinda. Ikilegea, joto halina pa kwenda, ncha inawaka kama kaa, mafuta yanalipuka kabla ya wakati wake na pistoni inaweza kutoboka. Nimeshaletewa pistoni yenye tundu la kupitisha kidole, na plagi yake niliifungua bila spana. Mwenye boda alikuwa ananiambia "ilikuwa inalialia tu".

Halafu acheni kukaza injini ikiwa moto. Alumini hutanuka kuliko chuma. Kutoa plagi kwenye kichwa cha moto ndiyo njia rahisi ya kutoka na nyuzi mkononi.

Boda Kiboriloni
Fundi, hapo kwenye kuua nyuzi umenisema mimi. Kila nikisikia ule mlio nakaza. Wiki nyingine unarudi, nakaza zaidi, naongeza bomba kwenye mpini wa spana. Plagi yangu ni ile ndogo ya spana 16, nyuzi milimita 10, na mimi naipa nguvu za kufungulia nati ya tairi la lori. Siku moja ikawa inazunguka tu haifiki mwisho. Nikajisemea siku ya soko lazima nitoke, nitaitengeneza jioni.

Napandisha na mama mwenye ndizi nyuma, paaa! Plagi imechomoka na kofia yake, imebaki inaning'inia kwenye waya. Yule mama aliruka kabla sijasimamisha, akidhani ni risasi. Ndizi zikabaki na mimi.

Fundi alitoboa lile tundu akatia bushi yenye nyuzi mpya. Kazi ya mchana mzima, maana alifungua kichwa chote ili chenga za alumini zisiingie kwenye silinda. Akinitajia bei nikafikiri anauza pikipiki. Mpaka leo bushi imeshika.

Rubani wa Chini
Mtanicheka, mimi yangu ni ndege ya rimoti. Injini ya petroli, tuu stroki, saisi ya ile ya msumeno, imefungwa kichwa kikiangalia chini. Narusha kwenye mashamba yaliyo wazi mbali kabisa na uwanja wa ndege wa Kisongo, kabla hamjauliza.

Kule juu ikaanza kumisi. Chini inazunguka vizuri, ikipanda inashikwa kikohozi. Nikabadilisha sindano za kabureta mpaka nikachoka. Kumbe plagi imelegea robo mzunguko. Injini hizi zinatetemeka kwa kasi ya maelfu ya mizunguko kwa dakika na silinda ni moja, kwa hiyo kitu chochote kisichoshikwa vizuri kinajifungua. Siku hizi naangalia plagi kila kabla ya kurusha, betri ya moto wa plagi ikiwa imechomolewa. Propela haina rafiki, vidole ni vyako.

Kuna kitu kingine cha kwetu. Kofia ya plagi zetu ni ya chuma na waya wake umefumwa kwa nje, kuzuia mawimbi ya cheche yasiivuruge rimoti. Ikikaa vibaya juu ya plagi iliyolegea, siyo tu injini inakohoa, hata mawasiliano na ndege yanaweza kuvurugika. Mimi huo ndio uliniogopesha kuliko kukosa nguvu.

Mama Mgrivea
Wa Kibosho hapa, nina msumeno wa kukatia matawi ya migrivea juu ya kahawa. Wangu haukulegea shinani. Ni kile kinati cha juu kabisa cha plagi, pale kofia inapokaa. Kilikuwa kimejifungua, cheche inarukaruka ndani ya kofia, msumeno unawaka unazima unawaka unazima. Nilinunua koili mpya, hela ikapotea bure. Angalieni na huko juu, na mkaze kwa koleo, siyo kwa kucha.

Dogo wa Sakina
Mama Mgrivea asante, nimeenda kuangalia sasa hivi. Kinati kipo imara. Ila nimeitoa plagi nikaona washa imebonyea imekuwa bapa kama shilingi ya zamani, na chini yake kuna mchanga umebanwa. Ndiyo maana haikuwa inakaa sawa. Nimefuta kiti chake na kitambaa kikavu, kesho nanunua plagi mpya na washa yake.

Fundi, nikipita Pasua nikuletee uione hii ya zamani?

Fundi Mkono Mwepesi
Lete. Na usiipake grisi kwenye nyuzi, najua mtu atakushauri. Ikiteleza sana unakaza kupita kiasi bila kujua.

Mzee wa Pampu
Bado nasubiri.

Dogo wa Sakina
Shikamoo mzee.

Mzee wa Pampu
Marahaba. Sasa panda mlima wako.