Naomba ushauri: familia ya koli wanne nyumbani, mabinti wanakaribia joto na tumeletewa sindano ya ukurutu

Mama wa Meru

Wanajukwaa, salaam. Ninaomba ushauri kutoka kwa wenye uzoefu wa kufuga koli, wale mbwa wachungaji wa Uskoti wenye pua ndefu na manyoya mengi shingoni, kwa sababu wataalamu tulio nao huku karibu wamezoea ng'ombe, mbuzi na mbwa wa kienyeji, na kila ninayemuuliza hunijibu kwa kukisia.

Tunaishi kwenye miteremko ya Mlima Meru, nje kidogo ya Arusha, ambako usiku wa Julai ni wa mablanketi mazito lakini jua la mchana la Februari linachoma kwelikweli. Mbwa wetu ni wanne na wote ni damu moja. Baba, Bosi, ana rangi ya kijivu cha buluu yenye mabaka meusi. Mama, Malkia, ana rangi tatu, yaani nyeusi, nyeupe na kahawia. Hao wawili tuliachiwa na jirani aliyehama nchi, wakazaa, na katika watoto wao tukabaki na majike wawili: Nyota, aliyechukua rangi ya baba, na Lulu, aliyefanana na mama. Mabinti sasa wana miezi tisa. Ndani ya nyumba tupo mimi, mume wangu, mama mkwe wangu na watoto wetu wawili, na mdogo ana miaka minne.

Ninawapenda mbwa hawa, na ninalisema waziwazi kwa kuwa baadhi ya ndugu wameshatushauri tugawe watatu tubaki na mmoja wa kulinda. Bosi hatulii jioni mpaka ahakikishe kila mtu wa nyumba hii ameshaingia ndani. Asiyerudi humngojea getini. Hata hivyo yapo mambo yanayoninyima usingizi.

Kubwa ni ngozi. Malkia na Lulu wanajikuna kwenye kingo za masikio na kwenye viwiko hadi manyoya yamenyonyoka, na mtaalamu wa mifugo wa hapa kwetu amesema ni ukurutu, yaani ugonjwa wa ngozi unaoletwa na utitiri, hivyo atakuja mwishoni mwa wiki kuwachoma wote wanne sindano ya ivermektini, dawa ya kuua minyoo na wadudu, ileile anayowachoma ng'ombe. Shoga yangu mmoja aliwahi kusikia kwamba koli hawapewi dawa hiyo, ila sababu hakuijua. Mtaalamu huyohuyo anashauri tuwanyoe manyoya yote ili wapate hewa na kupe wakose pa kujificha.

Jambo lingine ni kwamba mabinti wanaelekea kupata joto, yaani kipindi cha kutaka dume, kwa mara ya kwanza. Mume wangu anaamini dume hawezi kumpanda binti yake mwenyewe. Mimi sina uhakika. Tena Malkia ameanza kumwandama Nyota wakati wa kula: anasimama juu ya sufuria yake, mkia umekakamaa, hatafuni, anamkazia macho tu, na juzi walikamatana hadi tukawamwagia maji. Kisha yupo mtoto wetu mdogo, ambaye akikimbia uani Bosi humzunguka na kumdonoa kisigino kwa meno. Hajawahi kumtoa damu, lakini mtoto huanguka na kulia. Mama mkwe, ambaye ni mtu wa ibada, hana chuki nao ila anaomba wasifike anakoswalia. Je, inawezekana kuishi na wote wanne kwa amani, au ndugu zetu wana haki?

Daktari wa Nyanda

Mama wa Meru, mimi ni daktari wa mifugo, kazi yangu iko Nyanda za Juu Kusini. Ninakuomba uisimamishe sindano hiyo leo hii, kabla hata ya kusoma majibu ya wengine. Shoga yako alisikia sawasawa.

Koli wengi hurithi hitilafu kwenye jeni, yaani chembe ya urithi, inayoitwa MDR1, ambayo pia hujulikana kama ABCB1. Jeni hiyo hutengeneza protini ambayo, kwenye mishipa midogo ya damu ya ubongo, husukuma nje dawa zisizotakiwa kuingia humo. Jeni ikiwa na hitilafu, dawa huingia ubongoni na kurundikana. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Washington, Marekani, waliibaini hitilafu hiyo mwaka 2001, na miongoni mwa koli wa Marekani takriban asilimia 70 wana angalau nakala moja yake. Kwa kuwa wanne wako ni familia moja, Bosi na Malkia wakiwa nayo, hata mabinti ni rahisi kuwa nayo.

Kinachoua ni kipimo. Ivermektini ya ng'ombe ya asilimia 1 ina miligramu 10 katika kila mililita, kwa hiyo mbwa wa kilo 25 akichomwa nusu mililita tu, anapata maikrogramu 200 kwa kila kilo ya uzito wake. Vidonge vya kukinga minyoo ya moyo navyo vina ivermektini, lakini kiasi chake ni maikrogramu 6 tu kwa kilo, ambacho hata koli mwenye hitilafu hukivumilia. Mbwa wa kienyeji atachomwa sindano hiyo na kwenda zake, ilhali koli aliyerithi hitilafu kwa baba na kwa mama anaweza kuyumba, kutetemeka, kupofuka, kuzirai na kufa.

Kwa hiyo mwombe mtaalamu wenu, kwa adabu maana nia yake ni njema, aikwangue kwanza ngozi ya kingo za masikio na kuitazama kwa hadubini. Ukithibitika kuwa ni ukurutu, vipo vidonge vya kutafuna vya fluralaneri au afoksolaneri, ambavyo huua utitiri na kupe kwa pamoja na ni salama kwa koli kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti. Bei yake inauma ukilinganisha na sindano, lakini hapo si pa kubana matumizi. Watibiwe wote wanne siku moja, hata wasiojikuna, na matandiko yao yafuliwe kwa maji ya moto, kwa sababu utitiri huo huhama na unaweza kuwaletea vipele hata watu wa nyumbani.

Kuhusu joto, mume wako, kwa heshima zote, hilo asilitegemee. Dume humpanda binti yake, dada yake na hata mama yake. Kwenu hatari ni maradufu, kwa sababu Bosi na Nyota wote wana jeni ya mabaka ya kijivu. Wakizaa, kila mtoto ana uwezekano wa robo wa kupata jeni hiyo kutoka pande zote mbili, na watoto wa namna hiyo mara nyingi huzaliwa viziwi, vipofu au yote mawili. Mhasini Bosi sasa hivi. Akishahasiwa atabaki na mbegu kwa wiki kadhaa, kwa hiyo katika kipindi hicho asikae na jike yeyote aliye kwenye joto hata kwa dakika chache. Na siku ya upasuaji mwambieni daktari mapema kwamba huyu ni koli, maana asepromazini na butorfanoli, ambazo hutumika sana kutuliza mbwa kabla ya kisu, nazo zinaguswa na hitilafu hiyohiyo na kipimo chake hupunguzwa.

Mfugaji wa Limuru

Dada, mimi niko Limuru, Kenya, kwenye baridi ya mashamba ya chai, na kwetu koli wamekuwepo tangu enzi za baba yangu. Daktari amemaliza habari za dawa, nami nitasema juu ya manyoya na ugomvi.

Usiwanyoe. Koli ana manyoya ya tabaka mbili: ya juu ni marefu na magumu, ya chini ni laini na mazito, na yote kwa pamoja hukinga ngozi isipigwe na jua. Ukiyanyoa, ngozi inabaki wazi, na pengine yataota ovyo yasirudi yalivyokuwa. Kinachomchosha koli wakati wa jua kali ni manyoya ya chini yaliyokufa yakabaki yamesongamana, na hayo hutolewa kwa brashi. Mlaze mbwa ubavu. Kwa mkono mmoja yasukume manyoya kuelekea mgongoni mpaka uone mstari wa ngozi, kisha chana kutoka kwenye mstari huo kwenda chini, ukichukua manyoya machache kila mara, halafu sogeza mkono kidogo ufungue mstari mwingine. Ukipitisha brashi juujuu mbwa atapendeza machoni, lakini ukiingiza vidole utakuta mafundo yameshika hadi kwenye ngozi. Nyuma ya masikio, kwapani na nyuma ya mapaja ndiko yanakoanzia. Yafungue kwa vidole, usiyavute, na hapohapo pekua kupe, bila kusahau katikati ya vidole vya miguu. Kazi hiyo ifanyike kila wiki, na usishangae Malkia akipukutisha manyoya mengi baada ya joto au baada ya kuzaa. Wakati wa masika, akilowa, mkaushe hadi chini, kwani unyevu unaobaki huzaa vidonda.

Angalia pia pua zao. Koli wana maelekeo ya kupata ugonjwa wa pua ambapo weusi hufifia na magamba kutokea, na jua kali la sehemu za milimani huuzidisha. Wawekeeni kivuli cha uhakika saa za mchana.

Ugomvi wa majike ndio ningeuogopa kuliko yote uliyoyaandika. Madume wakigombana mara nyingi huishia kwenye kelele. Majike wa nyumba moja huwekeana kinyongo. Usisubiri wakamatane tena. Kila mbwa ale nyuma ya mlango wake, na sufuria ziondolewe kabla milango haijafunguliwa. Mfupa usitupwe uani kabisa. Ukimwona Malkia amekakamaa namna ulivyoeleza, usimkemee, mwite Nyota aje kwako ili yule asiwe na wa kumtazama. Wakikamatana, tumieni maji au ubao wa kuwatenganisha, mikono msiingize. Binafsi ninaamini wanne mnaweza kuwa nao, ila si wanne kwenye uwanja mmoja kutwa nzima: gaweni ua kwa uzio, Malkia na Lulu wawe upande huu asubuhi, Bosi na Nyota upande ule baada ya Bosi kuhasiwa, kisha mbadilishane. Ikiwa baada ya joto la kwanza ugomvi utazidi, basi atakayehama awe Nyota, ambaye bado ni kijana na atazoea kwingine.

Mkaazi wa Aberdeen

Shikamoo mama. Ninaishi huku kaskazini-mashariki mwa Uskoti, si mbali na kasri la kifalme la Balmoral, ambako Malkia Victoria aliwapenda koli katika karne ya 19 na mapenzi yake yakawafanya wapendwe na watu wa mjini. Kabla ya hapo walikuwa mbwa wa kondoo, na anachokifanya Bosi kwa mtoto ndiyo kazi ya mababu zake: anayekimbia nje ya kundi arudishwe. Hana ubaya, lakini asiachwe akazoea. Watoto wanapocheza uani, Bosi awe kwenye kamba mkononi mwa mtu mzima. Mfundisheni kulala chini kwa neno moja, na kila mtoto anapopita mbio naye akabaki amelala, apewe kipande cha nyama hapohapo. Mtoto naye afundishwe kwamba mbwa akimzunguka, asimame wima kimya, kwa sababu asiyekimbia hana cha kufukuziwa. Zaidi ya hayo, koli asiye na kazi huanza kubweka, na hubweka sana. Mtembezeni mbali kila alfajiri.

Bin Tanga

Dada, mpe salamu zangu mama mkwe na umwambie ombi lake ni la haki na ni rahisi kutimizwa. Mbwa wa kulinda na wa mifugo anaruhusiwa kufugwa. Kwa sisi tunaofuata madhehebu ya Shafi, chombo kilichorambwa na mbwa huoshwa mara saba, mojawapo ikiwa kwa udongo, kwa hiyo sufuria za mbwa zisichanganywe na za jikoni, ziwe na mahali pake nje. Chumba cha kuswalia kiwekewe mlango mfupi wa mbao usioachwa wazi. Kwetu tumeishi hivyo na wazee na hapajawahi kuwa na manung'uniko.

Mama wa Meru

Nimewasoma wote na nimempigia mume wangu simu kazini. Sindano tumeiahirisha, na mtaalamu wetu amekubali vizuri kuja kukwangua ngozi. Bosi tutamhasi mwezi huu, na fundi wa uzio anakuja kesho kupima. Daktari, limenijia jambo: jirani yetu ana kondoo na huwapa dawa ya minyoo mara kwa mara, na hawa mbwa hupenya kwenye ua wake na kula kinyesi. Je, hilo lina madhara?

Daktari wa Nyanda

Lina madhara, na ninashukuru umeuliza. Kondoo aliyepewa ivermektini huitoa kwa kinyesi, na wapo koli waliopata sumu kwa njia hiyohiyo. Mwombe jirani akujulishe siku anapowapa dawa, na mbwa wako wasikanyage kwake kwa wiki kadhaa baada ya hapo. Zibeni mianya ya uzio huo kabla ya ule wa ndani. Vilevile Lulu au mwingine akiharisha, usimpe loperamidi, vile vidonge vya kuzuia kuharisha vinavyouzwa madukani, kwa sababu navyo huwadhuru kwa hitilafu ileile.

Ukiona mboni za macho zimetanuka, mate yanamtoka, anapepesuka au anagonga vitu kama asiyeona, usingoje kupambazuke. Hakuna dawa maalumu ya kuibatilisha sumu hiyo, lakini mbwa akipewa maji ya dripu, akifunikwa asipate baridi na akisaidiwa kupumua, anaweza kurudi katika hali yake hata baada ya kulala siku nyingi bila fahamu. Nenda na pakiti au jina la dawa aliyotumia jirani. Na kwenye kadi za chanjo za wote wanne, zile za kichaa cha mbwa, andikeni juu kabisa kwa kalamu nyekundu: koli, asipewe ivermektini.